Kutafuta Kasoro Katika Majaribio ya Skrini: Safari ya Programu za Afya Kutoka Mosoriot Hadi Tarime

Jaribio la komponenti ya skrini ni programu fupi inayoendesha kipande kimoja cha ukurasa wa wavuti, kama kitufe, kisanduku cha tarehe au fomu ya kumsajili mgonjwa, na kisha kukagua kama kipande hicho kimefanya kilichotakiwa. Jaribio likifeli, watuhumiwa ni wawili: komponenti yenyewe, au jaribio lililoandikwa kuipima. Kuwatenganisha wawili hao ni ufundi wenye historia yake. Katika Afrika Mashariki historia hiyo inasomeka vizuri zaidi katika mifumo ya taarifa za afya, kwa kuwa mifumo mikubwa ya fani hiyo ni ya chanzo huria: kodi yake iko wazi, na wasanidi wa Eldoret, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wameijenga na kuitunza kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Ulaya na Marekani.

Kazi hiyo huishia mahali kama Nyamisangura, kata ya mji wa Tarime mkoani Mara. Vituo vya kutolea huduma za afya vya Tanzania huandika kazi zao katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mwezi ukiisha, takwimu hujumlishwa na kuingizwa katika DHIS2, mfumo ulioenea nchi nzima kufikia mwaka 2013. Anayeingiza hesabu za chanjo au za mahudhurio ya wajawazito hakutani na jaribio hata moja. Anakutana na kisanduku. Kisanduku kikipokea herufi mahali pa namba, au kikimeza tarakimu mtandao ulipokatika, kosa hilo hupanda hadi ripoti ya halmashauri, ya mkoa na ya taifa, na huko juu hakuna tena wa kulitambua. Jaribio la komponenti linathaminiwa kwa sababu hiyo: hulikamata kosa kabla halijafika mbele ya mtu mwenye kitabu cha MTUHA mkononi.

Mwanzoni hapakuwa na wavuti. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulijengwa kwa Microsoft Access. Huko Afrika Kusini, DHIS ya kwanza ilikuwa imejengwa kwa chombo hichohicho katika miaka ya 1990. Katika programu za namna hiyo fomu na data hukaa pamoja, na kasoro ya skrini hutafutwa kwa macho, mbele ya skrini yenyewe. Msanidi hubofya mahali mtumiaji alipobofya na kuona alichokiona. Njia hiyo ni ya polepole, lakini ina uzuri ambao zana za baadaye zilihangaika sana kuurudisha: hakuna umbali kati ya kinachopimwa na kinachotumika.

Umbali ulianza mwaka 2004. Mwaka huo OpenMRS, mfumo wa chanzo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa na watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana pamoja na shirika la Partners In Health, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuandika DHIS2 upya kama programu ya wavuti. Yote miwili ni mifumo ya Java. OpenMRS iliwashwa Eldoret Februari 2006, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka huohuo. Java ilikuja na desturi nzuri ya kupima. Kent Beck alikuwa ameeleza mtindo wa majaribio madogo ya kujiendesha katika lugha ya Smalltalk mwaka 1994, na mwaka 1997 yeye na Erich Gamma waliandika JUnit ndani ya ndege iliyotoka Zurich kwenda Atlanta. Kwa hiyo sehemu za seva, yaani hesabu, kanuni na hifadhidata, zilipimwa vizuri tangu mapema. Skrini iliachwa nyuma.

Iliachwa kwa sababu kivinjari cha wakati ule kilikuwa chumba chenye giza. Brendan Eich aliitunga JavaScript mwaka 1995 kwa siku 10, kwa ajili ya mapambo madogo ya ukurasa, na hakuna aliyetarajia kwamba fomu za hospitali zingeitegemea. Msanidi wa mwaka 2003 aliyetaka kujua thamani ya kigeu fulani alipachika amri ya kufungua kijidirisha cha onyo, akapakia ukurasa upya, akasoma kijidirisha, akakifunga, akarudia. Internet Explorer 6 ilitoa ujumbe wa kosa usiotaja faili, na namba ya mstari iliyoitaja mara nyingi haikulingana na mstari halisi. JsUnit ya mwaka 2001 ilileta muundo wa JUnit ndani ya kivinjari, lakini ilimwambia msanidi kwamba jaribio limefeli bila kumpa njia ya kuingia ndani kuona sababu. Njia hiyo ilipatikana Januari 2006, mwezi mmoja kabla ya OpenMRS kuwashwa Eldoret, Joe Hewitt alipotoa Firebug, kiongezi cha Firefox kilichokuja kuonyesha mti wa ukurasa ukiwa hai, maombi yanayokwenda kwenye seva, na kodi iliyosimamishwa katikati ya mwendo. Zana za ukaguzi zilizomo leo ndani ya kila kivinjari ni wazao wa Firebug. Katika historia nzima ya ufundi huu hakuna hatua nyingine iliyobadilisha kazi ya kila siku kiasi hicho.

Selenium ilikuwa imeanza mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, kwa kazi ya Jason Huggins. Iliendesha kivinjari halisi kana kwamba mtu anabofya. OpenMRS iliitumia kupima programu yake ya mfano ya toleo la 2: jaribio liliingia kwa nenosiri, likamtafuta mgonjwa, likafungua ziara. Majaribio hayo yalifeli kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni anwani. Jaribio lilikitafuta kitufe kwa njia yake ndani ya mti wa ukurasa, mathalani kitufe cha pili ndani ya safu ya tatu. Mtu akiongeza safu moja, jaribio huanguka ingawa kwa mgonjwa na muuguzi hakuna kilichoharibika. Ya pili ni muda. Seva ikichelewa nusu sekunde, kitufe hakijafika, na jaribio hutangaza kwamba hakipo. Wengi walijibu kwa kuliamuru jaribio lilale sekunde 2, kisha 5, kisha 10. Hivyo lilizaliwa jaribio kigeugeu, linalofaulu asubuhi na kufeli jioni bila mtu kugusa kodi. Jaribio la namna hiyo ni baya kuliko kukosa jaribio, kwa maana huwazoesha watu kupuuza taa nyekundu.

Julai 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM zilianza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2011 Kenya iliweka DHIS2 ya nchi nzima kwenye seva ya mtandaoni, mapema kuliko nchi nyingine za kusini mwa Sahara, na Tanzania ikafuata, kazi ikibebwa kwa sehemu kubwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika ushirikiano wake wa miaka mingi na Oslo. Wilaya zenye intaneti ya kukatika-katika zilileta swali ambalo maabara za Ulaya hazikulisukuma kwa nguvu hiyo: takwimu iliyokwisha kuchapwa inakwenda wapi mtandao ukipotea? Jibu lilikuwa hifadhi ya ndani ya kivinjari iliyokuja na HTML5. Takwimu hubaki katika kompyuta ya mwingizaji hadi mtandao urudi. Jibu hilo lilikuwa zuri kwa watumiaji, lakini lilibadilisha kazi ya mpimaji. Sasa kumbukumbu, kanuni na maamuzi yalikaa ndani ya skrini yenyewe, si kwenye seva iliyokuwa na majaribio ya JUnit. Skrini ikawa programu kamili, na programu kamili haipimwi kwa macho.

Zana za kizazi kilichofuata zilijengwa kwa hali hiyo. Jasmine ilitoka mwaka 2010. AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery, ilibuniwa tangu mwanzo iweze kupimwa. Na Karma ya Vojta Jína, mwaka 2012, ilifungua kivinjari halisi na kuendesha majaribio ndani yake kila faili lilipohifadhiwa. DHIS2 ilitumia AngularJS kwa skrini yake ya kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Mjini Eldoret, AMPATH, mpango wa afya wa ushirikiano uleule wa Moi na Indiana, ulijenga skrini za kliniki zake kwa Angular iliyofuata. Kasoro za zama hizo zilikuwa na tabia yake. Angular haichori upya ukurasa ndani ya jaribio mpaka iambiwe. Msanidi akisahau amri hiyo, komponenti nzima huonekana tupu, na mtu huweza kupoteza asubuhi akitafuta kosa katika komponenti isiyo na kosa. Aliyepima saa za kusubiri alipata ujumbe kwamba bado kuna kipima muda ndani ya foleni, na ujumbe huo, ingawa uliwakera wengi, ulikuwa wa kweli karibu kila mara: kuna kazi iliyoanzishwa ambayo jaribio halikuingoja.

Seva za ukaguzi, zinazoendesha majaribio kila kodi inapobadilishwa, hazina skrini, kwa hiyo wengi walitumia PhantomJS ya Ariya Hidayat, kivinjari kisicho na dirisha kilichotoka mwaka 2011. Toleo lake la kwanza lilikosa baadhi ya vitendo vya kawaida vya JavaScript ambavyo Chrome na Firefox zilikwisha kuwa navyo. Programu ilifanya kazi kwa kila mtumiaji na kufeli kwenye seva ya ukaguzi peke yake. Hapo watu walianza kutunza kodi ya viraka, iliyokuwepo kwa ajili ya kivinjari ambacho hakuna mgonjwa, muuguzi wala karani aliyewahi kukifungua. Chrome ilipoweza kujiendesha bila dirisha mwaka 2017, PhantomJS ilipoteza sababu ya kuwepo.

React ilitolewa na Facebook Mei 2013, na Jest, zana yake ya majaribio, mwaka 2014. Hapa kulitokea badiliko lenye matokeo hadi leo: kivinjari kiliondolewa kabisa. Mahali pake pakawekwa jsdom, kivinjari cha kuigiza kilichoandikwa kwa JavaScript, ambacho kina mti wa ukurasa lakini hakichori kitu. Majaribio yaliyochukua dakika yakachukua sekunde, na kompyuta ndogo ya mkononi ikatosha. Gharama yake ni kwamba ndani ya jsdom kila kitu kina upana wa sifuri. Chati inayouliza ina nafasi kiasi gani huambiwa haina, na orodha ndefu inayochora mistari inayoonekana tu haichori hata mmoja. Mfumo kama DHIS2, ambao nusu ya thamani yake ni chati na ramani, hukutana na ukuta huo mapema. Msanidi anayeona jaribio la chati likirudisha ukurasa mtupu inafaa aulize kwanza kama mazingira yanaweza kuchora, kabla ya kugusa hata mstari mmoja wa komponenti.

Enzyme ya Airbnb, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2015, iliwapa watu uwezo wa kuchungulia ndani ya komponenti: hali yake ya ndani, majina ya watoto wake, vitendo vyake. Ilipendwa mno, na maktaba ya komponenti za DHIS2 ni miongoni mwa kazi zilizopimwa nayo. Udhaifu wake ulijitokeza polepole. Toleo la 3 la mwaka 2017 lilimtaka msanidi kuomba picha mpya ya mti baada ya badiliko lililotokea nje ya zana hiyo. Asipofanya hivyo, jaribio lilikagua mti wa zamani huku mpya ukiwa sahihi kabisa. Tena jaribio lililojua mambo ya ndani lilivunjika kila mambo ya ndani yalipopangwa upya. React ilipoleta mtindo wa “hooks”, Februari 2019, komponenti nyingi ziliandikwa upya bila kubadilika kwa macho, na majaribio yake yakaanguka kwa makundi. Picha tuli za Jest za mwaka 2016, zinazohifadhi ukurasa mzima kama maandishi na kulinganisha, zilileta ugonjwa wa pili: tofauti ya mistari 400 haisomwi na mtu, huidhinishwa tu.

Testing Library ya Kent C. Dodds, iliyotoka Machi 2018, iligeuza swali. Jaribio halikuruhusiwa kuuliza hali ya ndani. Lilitafuta kitufe kwa jina lake linaloonekana, au kisanduku kwa lebo yake, kama mtumiaji anavyokitafuta. OpenMRS 3, iliyojengwa kwa React na komponenti za Carbon za IBM, na ambayo wasanidi wa Kenya na Uganda ni sehemu ya uti wa mgongo wake, iliuchukua mtindo huo pamoja na Jest. Jaribio likifeli, zana huchapisha ukurasa wote kama ulivyokuwa wakati huo, pamoja na orodha ya dhima za kila kitu kilichomo. Mara nyingi kusoma chapisho hilo kwa utulivu kunatosha. Kitufe hakionekani kwa sababu ukurasa bado una alama ya kupakia. Kisanduku hakipatikani kwa sababu lebo yake haijaunganishwa nacho. Hilo la pili si kosa la jaribio hata kidogo: muuguzi asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, angekosa kisanduku hichohicho. Zana iliyokusudiwa kupima ikawa inafichua kasoro zisizotafutwa na mtu.

Chapisho hilo lina ukomo wa herufi 7,000. Fomu za kliniki ni ndefu, na sehemu inayotafutwa mara nyingi huangukia baada ya mkato. Aliyezoea huchapisha tawi moja tu la mti, si ukurasa mzima.

Tarehe ndizo zilizoleta mafumbo magumu kuliko yote, na jiografia imo ndani ya mafumbo hayo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC, na wenzao wengi wa OpenMRS wako mashariki mwa Marekani, nyuma ya saa hiyo. JavaScript huisoma tarehe iliyoandikwa 2020-01-01, bila saa, kama usiku wa manane wa UTC. Kwa Dar es Salaam huo ni saa tisa usiku wa tarehe ileile. Kwa Boston bado ni jioni ya Desemba 31, 2019. Basi komponenti inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa hufaulu Dar es Salaam na kufeli Boston, na msanidi wa Dar es Salaam hawezi kuiona kasoro hiyo kwenye kompyuta yake hata aitafute wiki nzima. Kinyume chake pia hutokea. Usiku wa manane wa Dar es Salaam ukigeuzwa kuwa UTC kabla ya kutumwa kwenye seva, unakuwa saa tatu usiku wa jana: mtoto aliyezaliwa Januari 1 anaandikwa Desemba 31. Boston haioni, kwa kuwa usiku wake wa manane ukigeuzwa hubaki ndani ya tarehe ileile. Katika kadi ya chanjo, siku moja inaweza kumfanya mtoto aonekane amechelewa au amewahi.

Kuna na sura ya tatu. Kati ya saa sita na saa tisa usiku, Afrika Mashariki imekwisha kuingia siku mpya huku seva za ukaguzi, ambazo kwa kawaida huenda kwa UTC, zikiwa bado jana. Jaribio linalochanganya saa ya mahali na saa ya UTC hufeli katika saa hizo 3 tu, na msanidi anayefanya kazi mchana halikuti likifeli. Dawa iliyokubalika ina sehemu mbili. Saa ya jaribio hugandishwa kwenye tarehe moja iliyotajwa, jambo ambalo Jest ililirahisisha mwaka 2020, na ukanda wa saa hutajwa waziwazi badala ya kuachiwa kompyuta. Walio makini huendesha majaribio yaleyale katika kanda mbili, moja mbele ya UTC na moja nyuma. Ethiopia, inayotumia mifumo yote miwili, inaongeza kalenda yenye miezi 13. Komponenti ya tarehe iliyopimwa kwa kalenda moja tu imepimwa nusu.

Kigeugeu cha zama za Selenium hakikufa, kilihamia ndani. Onyo maarufu zaidi la React tangu 2019 linasema kwamba komponenti imebadilika nje ya uangalizi wa jaribio. Wengi walilinyamazisha kwa kufunika kila mstari kwa amri iliyotajwa katika onyo lenyewe. Maana yake halisi ni ileile ya foleni ya Angular: data ilifika baada ya jaribio kumaliza kukagua. Suluhisho ni kungoja kitu kinachoonekana, mathalani jina la mgonjwa kwenye jedwali, si kungoja muda. Mwaka 2022 zana ya kuigiza mibofyo ya Testing Library ilianza kuhitaji kungojwa kwa kila kitendo, na neno moja la kungoja likisahaulika mbele ya amri ya kuchapa, kisanduku hukaguliwa kabla ya herufi kuingia.

Miaka ya karibuni kivinjari halisi kimerudi. OpenMRS 3 ilitumia Cypress kwa majaribio ya mwendo mzima, kisha Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020. Playwright hungoja yenyewe kitufe kiwe tayari, na jaribio linapofeli inaweza kuacha faili la mwenendo: picha ya ukurasa kwa kila hatua, maombi yote ya mtandao, na ujumbe wote wa konsoli. Msanidi wa Kampala hufungua faili la jaribio lililofeli usiku kwenye seva iliyo bara jingine na kulipitia hatua kwa hatua, bila kulazimika kulirudia kosa kwanza. Cypress, Playwright na zana nyingine ya majaribio, Vitest, sasa zinaweza kupima hata komponenti moja ndani ya kivinjari halisi.

Kwa wilaya kama Tarime faida kubwa ya urejeo huo ni mtandao. Ndani ya jsdom kivinjari hujibu daima kwamba kimeunganishwa, na kukatika kwa mtandao hulazimika kuigizwa kwa kubadilisha jibu hilo kwa mkono, njia inayopima igizo kuliko programu. Kivinjari halisi kinachoendeshwa na Playwright kinaweza kukatiwa mtandao kweli katikati ya fomu. Jaribio huchapa hesabu ya chanjo, hukata mtandao, huchapa hesabu ya pili, hupakia ukurasa upya, hurudisha mtandao, kisha hukagua kama hesabu zote mbili zimefika kwenye seva, kila moja mara moja tu. Ikifika moja, kasoro iko katika hifadhi ya ndani; ikifika mara mbili, kasoro iko katika utaratibu wa kutuma tena; na zikifika zote sawasawa huku skrini ikiendelea kuonyesha kwamba hazijatumwa, kasoro iko kwenye komponenti ya alama ya hali.